Mchunga, mlenda na kisamvu mpira: kuchuma na kupika mboga za porini Hale

Kama unaishi Hale, au kijiji chochote cha upande wa Korogwe na Handeni chenye udongo na mvua kama za Hale, mboga yenye nguvu kuliko zote unazoweza kuweka mezani huikuti sokoni kila siku. Imeota pembezoni mwa shamba lako la mahindi, chini ya mihogo, nyuma ya jiko, na huenda leo asubuhi umeipiga jembe ukiiita magugu. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuitambua, kuichuma bila kujidhuru, na kuipika ili faida yake ifike mwilini badala ya kumwagwa na maji ya kuchemshia.

Kwanza uone kwa nini jambo hili lina uzito. Mwaka 1979 Anne Fleuret alichapisha utafiti wake wa Lushoto kuhusu nafasi ya majani ya porini katika mlo wa watu wa huko. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, wa Bronwen Powell na wenzake, uliofanyika Usambara Mashariki, milima ile ile unayoiona ukisimama Muheza. Walifuatilia akina mama 274 pamoja na watoto wao. Vyakula vya porini viliwapa asilimia 2 tu ya nguvu ya chakula, yaani havikushibisha. Lakini viliwapa asilimia 31 ya vitamini A yote waliyoipata, asilimia 20 ya vitamini C na asilimia 19 ya madini ya chuma. Na hapa ndipo pa kushika vizuri: asilimia 94 ya vyakula hivyo havikutoka msituni. Vilitoka mashambani na kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Huhitaji kupanda mlima wala kuingia msitu wa hifadhi. Unahitaji kujua kilichopo miguuni pako.

Sasa, wapi pa kuchuma na wapi pa kupita tu. Hale imekatwa na barabara kuu ya Segera kwenda Tanga, na malori hayapumziki usiku wala mchana. Mchicha unaoota kando ya lami hunenepa kwa maji ya mtaro, lakini hubeba vumbi, oili na moshi. Uache. Uache pia ule unaoota karibu na vyoo, dampo na gereji. Kwenye mashamba ya mkonge usichume chochote kati ya mistari mpaka uwe umemuuliza msimamizi kama dawa ya magugu imepulizwa, kwa sababu jani lililopuliziwa jana linaweza kuonekana zima kabisa leo. Maji machafu yanayotoka korona, yaani kiwanda cha kuchambua mkonge, nayo yana makali yake. Mboga inayoota kwenye mfereji huo si ya kula. Mahali pazuri ni shamba lako mwenyewe, shamba la jirani uliyemwomba ruhusa, na mabonde yanayoshuka Mto Pangani, ambako hata kiangazi kikikaza hukosi majani mabichi.

Wakati mzuri ni wiki chache baada ya vuli kuanza, Oktoba au Novemba, na tena mwanzoni mwa masika, Machi. Majani bado machanga, hayajatoa maua, na uchungu wake ni mdogo. Chuma asubuhi kabla jua halijapanda, ukitumia kapu lenye matundu ili majani yasipate joto. Kata ncha na majani mawili matatu ya juu, using'oe mmea. Mmoja katika kila mimea mitano au sita uache kabisa, utoe mbegu.

Kanuni ambayo haina msamaha ni hii: usichume usichokijua. Anayekufaa kuliko picha za kwenye simu ni bibi au shangazi aliyekulia hapo. Mwamkie, mwombe mwende wote shambani, na kila jani umuulize.

"Bibi, hili nalo ni mchicha?"

"Hilo liache, mjukuu wangu. Linuse kwanza. Hilo ni mranaha."

Mranaha ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu miche yake huchomoza na mvua ile ile inayootesha mchicha na mnavu, na ikiwa midogo hufanana nayo kwa mtu mwenye haraka. Usugue jani kati ya vidole: harufu yake ni nzito, ya kuchukiza. Ukikua, kingo za majani huwa na pembe pembe, ua lake ni refu lenye mdomo mpana, na tunda ni la mviringo lenye miiba. Aliyekula mranaha hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, mwili huwaka joto, kisha huanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Usimpe maziwa, usimtapishe kwa nguvu. Mpeleke hospitali haraka pamoja na kipande cha jani alilokula.

Tuanze na mchunga, kwa sababu ndio mboga ya porini inayopendwa kuliko zote katika ukanda huu, na ndio unaoharibiwa zaidi jikoni. Majani yake ni marefu, membamba, laini yasiyo na manyoya, na hutoka chini karibu na udongo. Ukivunja jani moja, utomvu mweupe mzito hutoka papo hapo. Ua lake ni dogo la njano. Mizizi hutambaa chini kwa chini, ndiyo maana unaweza kuulima leo na kuukuta umerudi baada ya mvua mbili. Uchume kabla haujasimamisha shina la maua. Ukishatoa maua, majani huwa machungu kiasi kwamba mtoto hataugusa.

Watu wengi huchemsha mchunga, wakamwaga maji, wakachemsha tena, wakamwaga tena, mpaka uchungu uishe wote. Naona ni hasara kubwa. Vitamini C na foliki asidi huyeyuka kwenye maji. Kila unapomwaga, unamwaga navyo. Dawa ya uchungu si kumwaga, ni kuchanganya. Kwa familia ya watu watano, chukua mafungu mawili ya mchunga na fungu moja la mchicha mwitu, au majani machanga ya kunde. Chambua, uoshe majani yakiwa mazima, kwenye maji mengi, mara tatu. Hapo ndipo mchanga unapotoka. Kata baada ya kuosha, si kabla. Chemsha maji kidogo yakitokota, tumbukiza mchunga peke yake kwa dakika kama nne, uchuje, ukamue kidogo. Mara moja tu.

Kuna nazi moja kwenye mbuzi. Kamua tui zito, uliweke pembeni. Ongeza maji, ukamue tui jepesi. Bandika tui jepesi na kitunguu kilichokatwa, nyanya mbili, chumvi kiasi, na kiganja cha dagaa waliooshwa kwa maji ya moto au kipande cha ng'onda kilichorowekwa. Likichemka na nyanya zikiwa zimelainika, tia mchunga na mchicha pamoja, upike dakika nane hadi kumi bila kufunika muda mrefu. Mwisho mimina tui zito, ukoroge mfululizo lisikatike, na likianza tu kutokota, uipue. Hakuna haja ya mafuta mengine. Mezani, kamulia ndimu. Mboga hii huliwa na ugali wa dona, lakini mwenzake wa kweli ni bada la muhogo. Ladha ya muhogo hupoza uchungu ule mdogo uliobaki, na uchungu mdogo lazima ubaki, maana ndio utamu wa mchunga.

Nazi hapo haikuwekwa kwa anasa. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani haipokelewi vizuri na mwili bila mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tupu humpa mtoto sehemu ndogo tu ya kile kilichomo. Ukikosa nazi, tumia karanga zilizosagwa, ufuta uliotwangwa, au kijiko cha mafuta ya alizeti. Ndimu nayo ina kazi yake: chuma cha kwenye majani ni kigumu kuchukuliwa na mwili, na vitamini C hukifungulia njia. Na chai? Chai ya rangi inywewayo juu ya chakula hufanya kinyume, huzuia chuma hicho. Subiri saa moja hivi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Ukiangalia takwimu hizo, saa moja ya kusubiri chai si kitu.

Mnavu hupikwa karibu hivyo hivyo, lakini una sharti lake. Chukua majani tu. Matunda mabichi ya kijani yana sumu, yatupe na usiwape watoto wayachezee mdomoni. Majani machanga yachemshe kidogo, mwaga maji hayo, kisha endelea na nazi au karanga. Maji ya kuchemshia mnavu si supu. Wanaoyanywa kama dawa hawajifanyii wema.

Ukielekea upande wa Handeni, ambako mvua ni haba na jua ni kali, mlenda ndio unaotawala. Una majani membamba yenye meno pembeni na ua la njano, na hukua vizuri hata kwenye udongo uliochoka. Mlenda haupikwi muda mrefu. Chemsha maji vikombe viwili, tia nyanya chungu chache na bamia, zikiiva tia mlenda uliokatwa, upekeche au upige kwa mwiko mpaka uvute, kisha karanga zilizosagwa. Dakika kumi zinatosha. Wengi hutia magadi ili ulainike na ubaki kijani. Magadi huharibu vitamini C na vitamini za kundi B, na mgonjwa wa presha humwongezea chumvi mwilini bila kujua. Kama huwezi kuyaacha, ncha ya kijiko cha chai inatosha sufuria nzima. Mlenda mzuri huvuta wenyewe.

Mlenda ndio pia wa kuweka akiba. Wakati wa masika, chuma mwingi, uanike kivulini penye upepo, juu ya jamvi safi, si kwenye jua kali, kwa kuwa jua hula vitamini A. Ukikauka mpaka unakatika ukiubana, utwange, uchekeche, utie kwenye chombo chenye mfuniko. Unga huo utakufikisha mpaka vuli. Mgagani pia hukaushwa. Mgagani utaujua kwa vijani vitano vilivyokaa kwenye kikonyo kimoja na harufu yake kali. Ni mchungu, hivyo unahitaji maji ya kwanza kumwagwa, kisha karanga au maziwa.

Mbwembwe, ambayo wengine huiita kishona nguo kwa sababu ya mbegu zake zinazonata kwenye sketi na suruali, huliwa ikiwa changa tu, na ni bora kuichanganya. Mboga nyingine ya porini, tikini, ina ladha laini isiyo na uchungu, ni nzuri kwa mtoto anayeanza kula mboga.

Kisamvu mpira kinastahili maelezo marefu zaidi, kwa historia yake na kwa hatari yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wajerumani walipanda miti ya mpira ya jamii ya muhogo kwenye maeneo makubwa ya Tanga, wakitegemea utomvu wake. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaporomoka kwa sababu ya mashamba ya Asia, wawekezaji wakakimbilia mkonge, na miti ikabaki ikiota peke yake kwenye viunga na mipakani mwa mashamba. Wenyeji wakayageuza majani yake kuwa kitoweo. Leo kaya nyingi zina mti mmoja uani, na unapokuwa hapo huna sababu ya kukosa mboga mwezi wowote wa mwaka, hata kiangazi kikiwa kikali kiasi gani.

Lakini kisamvu, cha mpira na cha muhogo wa kawaida, kina asili ya sumu ya sianidi, na mpira hushinda. Sumu hiyo imefungwa ndani ya jani. Unapolitwanga likiwa bichi, unavunja seli zake, kimeng'enya kilichomo humo kinaifungua, nayo huruka hewani kwa sababu huchemka kwenye joto la kama nyuzi 26 tu. Ndiyo maana utaratibu wa bibi zetu uko sahihi kabisa: twanga kwanza, chemsha baadaye. Anayechemsha majani mazima kisha akayasaga kwa mashine ya umeme amekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Twanga kwenye kinu mpaka pasionekane tena sura ya jani, uache kidogo kwenye ungo au beseni pana, kisha bandika sufuria bila mfuniko. Kisamvu cha muhogo kichemke nusu saa au zaidi. Cha mpira kipe saa nzima. Usipikie kwenye chumba kilichofungwa. Kikilainika na maji yakikaribia kukauka, ndipo utie kitunguu, tui la nazi, karanga, au kunde zilizochemshwa. Kunde, dagaa na maharage ni muhimu hapa, kwa kuwa mwili unahitaji protini ili kuondoa mabaki ya sumu hiyo. Kisamvu kikavu kisicho na kitoweo chochote, siku hadi siku, mwaka wa njaa, ndicho cha kuogopa. Na kisamvu kibichi hakiliwi, hakisagwi kwenye juisi, kwa sababu yoyote ile.

Sasa afya, kwa ukweli wake. Mboga hizi zina chuma, kalsiamu, foliki asidi, vitamini A na C, pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya ugali. Mama mjamzito anufaike nazo, lakini vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki aendelee navyo, mboga hazichukui nafasi yake. Mtoto wa zaidi ya miezi sita apewe zilizopondwa laini, na tui.

Utasikia mchunga ukitajwa kuwa dawa ya malaria, minyoo, sukari, hata mambo ya wanaume. Ule kama chakula. Homa ikipanda, nenda ukapimwe. Mwenye kisukari anayekula mchunga akaacha vidonge vyake anajiweka kwenye hatari kubwa, na katika vijiji vyetu hili linatokea. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha majani ya kijani anachokula. Ale kiasi kile kile kila wiki na amwambie daktari. Mwenye ugonjwa wa figo au historia ya mawe ya figo aulize kwanza, hasa kuhusu mchicha.

Jambo moja la jikoni ambalo joto la Hale hulifanya kuwa la lazima: mboga ya nazi huchacha upesi. Pika ya kutosha mlo mmoja. Ikibaki usiku, kiporo chake asubuhi kinuse, na ukiona povu au uchachu, mwaga.

Lililobaki ni la shambani. Dawa za kuua magugu zimekuwa rahisi kupatikana, na kijana wa kibarua hulipwa kidogo kupuliza kuliko kupalilia, basi shamba zima hupulizwa mpaka mpakani. Mchunga, mnavu, mlenda na tikini hufa vyote pamoja, na mwaka unaofuata mama mwenye shamba hilo hilo ananunua fungu la mchicha sokoni kwa pesa aliyoipata kwa kuuza mahindi. Wapo wanaoona aibu kuonekana wakichuma, wakihofia kuitwa maskini. Sioni umaskini hapo. Umaskini ni kulala njaa ya vitamini pembeni ya mboga.

Kwa hiyo, ukipalilia vuli hii, acha ukanda wa hatua tano upande wa shamba ulio karibu na nyumba. Usipulize dawa hapo, na mwambie kibarua mapema, umwonyeshe kwa kidole. Watume watoto wachume wakiwa na mtu mzima anayezijua, na mbegu za mgagani na mlenda zikikauka, zikusanye kwenye kitambaa uzirushe kwenye ukanda huo mvua ya masika inapoanza.